Kutundika Kinyago Kizito Ukutani Bila Kuharibu Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yetu ni kufunga vinyago na michongo kwenye kuta za watu, Arusha zaidi, na Moshi tukiitwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayotufikia kwenye simu, mara nyingi jioni, na mara nyingi baada ya kitu kuwa kimeshaanguka. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko watu wanakoumia. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari mitatu.

Kwa nini kinyago kimeanguka wakati msumari ni mzima, haujapinda hata kidogo?

Kwa sababu msumari ulishika plasta, haukushika ukuta. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa tofali la saruji la inchi 5 au 6. Juu ya tofali kuna plasta ya sentimita moja na nusu hadi mbili, kisha skimu nyeupe (lile tabaka jembamba la kulainisha), kisha rangi. Plasta ni nguo ya ukuta. Mwili wenyewe ni tofali. Ukitundika kitu kizito kwenye plasta ni sawa na kumbeba mtu kwa kumshika shati.

Msumari wa zege una ubaya mwingine. Unapougonga, unapasua plasta pande zote, ila nyufa zimejificha chini ya rangi huzioni. Tundu linakuwa pana mdomoni na jembamba ndani. Uzito unavuta chini mchana na usiku, msumari unalegea kidogo kidogo, halafu siku moja mlango unajibamiza kwa upepo na kazi imekwisha.

Hilo nalijua kwa sababu lilinipata. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga mchongo wa kilo 9 juu ya sofa, nyumba moja ya Njiro, kwa msumari mmoja wa zege. Ulikaa wiki tatu. Kisha nikapigiwa simu saa kumi usiku: "Fundi, njoo umchukue mtoto wako, ameamka." Nilikuta kipande cha plasta kikubwa kama sahani kimebanduka, mgongo wa sofa umechanika, na kinyago hakina hata mkwaruzo. Mpingo bwana! Sofa nililipa mimi. Tangu hapo kitu chochote kinachozidi kilo mbili sikiwekei msumari.

Sina mizani. Nitajuaje uzito?

Panda mizani ya bafuni ukiwa umekibeba, kisha panda bila kukibeba, toa. Kama huna, muuza viazi wa jirani anayo ya kwake, na hatakunyima ukimwambia unapima nini. Atacheka tu.

Kama kinyago bado hujakinunua, unaweza kukisia. Mpingo ni mzito kuliko maji: lita moja ya mpingo mkavu ina takribani kilo 1.2 hadi 1.3, ndiyo maana ukiutumbukiza kwenye ndoo unazama. Ubao wa mchongo wenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na unene 5 una ujazo wa lita 9. Hapo unazungumzia kilo 11 kwenda juu kabla ya kutoa sehemu zilizochongwa zikawa wazi. Mninga ni mwepesi kuliko huo kwa mbali.

Na kama kinyago "cha mpingo" unakiinua kwa vidole viwili, basi si mpingo. Ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Futa mgongoni kwa kitambaa chenye maji uone. Kwa kutundika ni nafuu kwako, kwa mfuko wako ni hadithi nyingine.

Ukuta wangu ni wa aina gani? Nyumba niliikuta imeshajengwa.

Gonga kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Tofali lililojaa linaumiza kidole na sauti yake ni fupi. Tofali lenye matundu ndani lina mwangwi kidogo. Jipsamu inalia kama boksi. Ukisikia mlio wa "po-po" kwenye ukuta ambao una hakika ni wa tofali, simama: hapo plasta imeachana na tofali na kuna upenyo katikati. Usitoboe hapo hata kwa picha ya harusi. Sogea pembeni, au ibanduliwe ipigwe upya.

Ushahidi wa kweli ni vumbi la drili. La kwanza ni la plasta, laini. Baadaye linabadilika: kijivu chenye chengachenga ni tofali la saruji, jekundu ni tofali la kuchoma. Moshi tunakutana na la kuchoma zaidi, hasa nyumba za zamani. Hilo lina tabia yake: ukitumia drili yenye kupiga kama nyundo linapasuka ndani na tundu linapwaya. Zima ile nyundo, acha biti izunguke tu, taratibu. Na ukitoboa ghafla drili ikachomoka mbele kama imeangukia shimoni, umeingia kwenye uwazi wa tofali. Plagi ya kawaida, tutakayoieleza hapa chini, haitashika humo.

Plagi na skrubu za ukubwa gani?

Hapa ndipo pesa ndogo inaokoa pesa kubwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Plagi ni kile kiplastiki (madukani wengi huita fisha) kinachoingia tunduni kwanza. Skrubu ikiingia, plagi inatanuka na kubana kuta za tundu. Kinachoshikilia ni ule mbano. Kwa hiyo mambo matatu lazima yakubaliane: biti, plagi na skrubu. Plagi namba 8 inataka tundu la biti namba 8 na skrubu yenye unene wa milimita 5 hivi. Plagi namba 10 inataka biti namba 10 na skrubu ya milimita 6 hadi 8. Skrubu nyembamba ndani ya plagi pana haitanui kitu; inaingia kwa raha, na itatoka kwa raha ileile.

Sasa urefu. Watu hununua plagi ya sentimita 4, wanatoboa sentimita 4, wanaridhika. Lakini sentimita 2 za mwanzo ni plasta. Nusu ya plagi yao inatanuka ndani ya plasta na kuipasua kwa ndani. Fanya hivi: toboa sentimita 6 na nusu hadi 7, sukuma plagi mpaka ipite plasta yote na kuzama ndani ya tofali, kisha tumia skrubu ndefu inayofika mwisho wa plagi. Hesabu yake: unene wa kipande unachofunga, jumlisha plasta, jumlisha urefu wa plagi. Kwa kipande cha chuma chembamba, plasta ya sentimita 2 na plagi ya sentimita 4, skrubu ya sentimita 6 na nusu au 7 inatosha. Zipo pia plagi ndefu zinazouzwa pamoja na skrubu zake kwa ajili ya fremu za milango. Kwa kuta zenye plasta nene ndizo tunazozipenda.

Uzito? Kama pakiti ina namba ya kilo, sisi tunaigawa kwa nne. Kama haina namba, tunaichukulia kama haijui uzito wake yenyewe. Na hatufungi kitu kinachozidi kilo 5 kwa skrubu moja, hata kama skrubu hiyo ingeweza kubeba. Skrubu moja inaruhusu kinyago kuzunguka, na kinachozunguka hulegea.

Tofali lenye uwazi ndani linataka kifaa tofauti: boliti yenye mabawa ya springi. Unaipitisha ikiwa imefumba, inafunguka upande wa pili, unaikaza. Tatizo lake, ukiichomoa mabawa yanadondoka ndani na hayarudi. Kwa mizigo mikubwa tunatumia kijisoksi cha waya na dawa ya kugandisha ya epoksi, lakini hapo muite mtu.

Natoboaje bila plasta kubanduka na vumbi kujaa nyumba nzima?

Bandika utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa wapiga rangi, mahali pa kutobolea, na weka alama juu yake. Inazuia rangi kuchanika kingoni. Anza na biti ndogo, namba 5 au 6, bila nyundo, mpaka umalize plasta. Kisha weka biti kamili, washa nyundo kama tofali ni la saruji, endelea. Shika drili kwa mikono miwili na usiilaze. Tundu lililopinda linakuwa na umbo la yai.

Kwa vumbi, kunja bahasha, ibandike chini ya alama ikiwa mdomo wazi. Vumbi lote linaingia humo. Ujanja wa bure na unafanya kazi kuliko kumwambia mtoto ashike kopo.

Ukimaliza, puliza tundu. Si kwa mdomo, utatoka na macho mekundu. Tumia pampu ya baiskeli au bomba la sindano kubwa. Tundu lenye vumbi ni tundu lenye utelezi, plagi inazunguka humo kama gurudumu kwenye tope la masika.

Kaa mbali na kona ya ukuta na kingo za dirisha kwa angalau sentimita 10. Na jaribu kutoboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha udongo wa saruji. Huwezi kuviona viungo chini ya plasta, lakini vumbi likiwa laini muda mrefu kupita kawaida, umeangukia kiungo. Sogea sentimita 5.

Na kabla ya yote hayo, toa godoro chumbani uliegeshe chini ya ukuta unaofanyia kazi. Tunaonekana wa ajabu tukiingia sebuleni na godoro, lakini vigae vya sakafu vimepona mara nyingi.

Nyaya za umeme je?

Mabomba ya nyaya kwenye nyumba zetu hushuka wima kutoka dari hadi kwenye swichi na soketi. Kwa hiyo mstari ulionyooka juu ya swichi, na juu na chini ya soketi, ni mwiko. Acha sentimita 15 kila upande. Ukuta unaopakana na bafu au jiko una mabomba ya maji, na hayo hayafuati mstari wowote. Zima meni swichi ukiwa na shaka, tumia drili ya betri. Tulishamkuta fundi mwenzetu amekaa chini, drili kule, haongei. Alipona, ila kwa muda mrefu hakugusa ukuta wenye soketi.

Nifunge waya nyuma kama wa picha?

Kwa kitu cha kilo 3 au 4, sawa. Kwa kizito, elewa kwanza waya unafanya nini. Watu wengi hukaza waya ukanyooka karibu mlalo ili usionekane juu. Kadiri waya unavyolala, ndivyo unavyobeba mzigo mkubwa kuliko kinyago chenyewe. Chukua kinyago cha kilo 12. Waya ukiwa umesimama nyuzi 30 kutoka mlalo, kila upande wa waya unavutwa kwa kilo 12. Ukilala hadi nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa karibu kilo 35! Na mvuto huo unakwenda moja kwa moja kwenye vile vijiskrubu vya pete ulivyovifunga mgongoni mwa kinyago, ukivivuta kuelekeana.

Kwa hiyo legeza waya ufanye pembe kali, au acha waya kabisa. Sisi tunaacha. Kulabu mbili ukutani na vipande viwili vya chuma mgongoni, vikiwa sawa kwa pima maji, vinatulia na kinyago hakiegemei upande.

Kinyago changu kimetokeza mbele sana, kama uso mkubwa. Kuna tofauti?

Kubwa. Kitu bapa kinavuta skrubu kwenda chini, na skrubu inalipenda hilo. Kitu kilichotokeza kinapinduka mbele, kinataka kuing'oa skrubu ya juu kama unavyong'oa msumari kwa nyundo ya makucha.

Dawa ni urefu wa kishikizo. Mfano: uso wa kilo 15 ambao uzito wake uko sentimita 10 mbele ya ukuta. Ukiufunga kwa kipande cha chuma cha sentimita 10 tu kutoka skrubu hadi sehemu ya chini inayogusa ukuta, skrubu ya juu inavutwa nje kwa kilo 15. Refusha chuma kifike sentimita 30, mvuto unashuka hadi kilo 5. Kinyago ni kilekile, ukuta uleule. Fundi wa kuchomelea mtaani atakukatia chuma bapa, atatoboa matundu manne, na atakuchomelea kijiulimi chini ambacho kinyago kitakaa juu yake. Mwambie apake rangi nyeusi isiyong'aa. Kwenye mpingo hakitaonekana.

Kile kijiulimi cha chini ndicho roho ya kazi. Mzigo ukikaa juu ya kitu, ile skrubu ya juu inabaki na kazi moja tu, kuuzuia usiiname. Tukiweza kubeba kwa chini, hatuning'inizi.

Nimesikia kuna njia ya mbao mbili zinazoumana. Ni nini hiyo?

Ndiyo tunayoitumia kwa michongo bapa mirefu: vizingiti vya juu vya milango ya Zanzibar, mbao za michongo ya wanyama, na zile familia za ujamaa, watu waliopandana, zilizochongwa kwenye ubao. Chukua ubao mmoja wa mti mgumu, unene wa sentimita 2, upana wa sentimita 8 au 10. Upasue kwa urefu katikati kwa mlazo wa nyuzi 45. Unapata vipande viwili vyenye makali. Kimoja kinafungwa ukutani, makali juu na mlazo ukielekea ukuta. Kingine kinafungwa mgongoni mwa mchongo, makali chini. Unainua mchongo, unaushusha, vinaumana, na kadiri unavyovuta chini ndivyo unavyobana ukuta.

Uzuri wake ni mwingi. Uzito unagawanyika kwenye skrubu nne au tano badala ya mbili. Ukikosea kulia au kushoto unasukuma tu, hutoboi upya. Wakati wa kupaka rangi nyumba unanyanyua mchongo, unauweka kitandani juu ya kanga, unaurudisha jioni. Ubaya ni kwamba mchongo unakaa mbali na ukuta kwa unene wa ubao, na upande wa chini unaning'inia. Bandika kipande cha mbao cha unene huohuo chini nyuma ili usimame wima.

Tumia mninga au mti mwingine mgumu. Mbao laini za paini zinasagika kwenye yale makali.

Naweza kutoboa kinyago chenyewe? Naogopa kitapasuka.

Una haki ya kuogopa. Mpingo ni mgumu lakini haupindi. Ukilazimishwa unapasuka, na ufa unafuata nyuzi za mti mpaka usoni. Usiingize skrubu bila kutoboa kwanza. Toboa tundu jembamba kidogo tu kuliko skrubu, kwa biti ya chuma iliyo kali, kwa mwendo wa polepole, ukiitoa biti mara kwa mara kumwaga unga. Bandika ule utepe wa karatasi kwenye biti kama alama ya kina, la sivyo utatokea upande wa pili kwenye shavu la mtu. Sugua skrubu kwenye sabuni ya kipande kabla ya kuikaza, na ikaze kwa bisibisi ya mkono.

Angalia rangi ya mti unapotoboa. Ile sehemu ya njano-nyeupe ya pembeni ni laini kuliko kiini cheusi, na ndiyo wadudu wanaanzia. Funga kwenye kiini.

Vaa barakoa. Unga wa mpingo unawasha ngozi na kifua kwa watu wengi.

Kama kinyago ni cha thamani au cha urithi, usikitoboe kabisa. Kijiulimi cha chuma chini na ukosi mwembamba uliofunikwa kwa kitambaa cha ngozi juu vinatosha, na siku ukiamua kukiuza hakina kovu.

Gundi kali haitoshi?

Hapana. Mpingo una mafuta ya asili, gundi haiushiki vizuri. Na hata ikishika, imeshika kwenye rangi ya ukuta, na rangi imeshika kwenye skimu. Zile kulabu za kubandika vivyo hivyo: zitumie kutundikia ufunguo tu.

Nyumba ni mpya, kuta za ndani ni za jipsamu.

Ndani ya jipsamu kuna fremu za chuma, kwa kawaida kila sentimita 40 au 60. Pitisha sumaku ndogo ukutani. Itanasa kwenye vichwa vya skrubu vilivyofunikwa, na hapo ndipo fremu ilipo. Funga ubao mlalo unaoshika fremu mbili au tatu, kisha tundika kinyago kwenye ubao. Ukiwa bado unajenga, mwambie fundi aweke plaiwudi nyuma ya jipsamu sehemu ya sebule kabla ya kufunga. Hutajuta. Kwa zaidi ya kilo 15 kwenye jipsamu, sisi huwa tunakataa.

Nimepanga. Mama mwenye nyumba hataki tundu hata moja.

Muulize tena, ukiwa na jibu la swali ambalo hajauliza: utaziba vipi. Wenye nyumba wengi hawachukii tundu, wanachukia wapangaji waliohama wakaacha ukuta kama chujio. Tulimsindikiza dada mmoja wa Sakina kwa mwenye nyumba wake. Tukamwonyesha bibi yule tundu tulilotoboa na kuziba kwenye kibao, tukamwomba alitafute. Hakuliona. "Haya, lakini mawili tu." Yalitosha.

Kuziba ni hivi. Usiichomoe plagi kwa kuivuta na koleo ukinyongea pembeni. Ingiza skrubu nusu, vuta skrubu wima, plagi inafuata. Kama imegoma, isukume ndani kabisa. Lowesha tundu kidogo, jaza plasta au putty ya ukuta kwa awamu mbili, maana ya kwanza itanywea. Ikikauka sugua kwa msasa laini. Rangi ndiyo shida: rangi ya miaka mitatu haifanani na ya kopo jipya hata iwe namba ileile. Hifadhi kopo la rangi ya zamani, au paka ukuta wote kutoka kona hadi kona.

Akikataa kabisa, tengeneza fremu ya kusimama: ubao mrefu wenye miguu ya chuma, unaegemea ukutani kwa mpira, kinyago kimefungwa kwenye ubao.

Arusha kuna matetemeko. Nifanye nini zaidi?

Wengi mnakumbuka Julai 2007. Mitikisiko ilitoka upande wa Ziwa Natron, karibu na mlima Gelai, na lile kubwa la tarehe 17 lilifika ukubwa wa 5.9, likasikika hadi Nairobi. Mwanzoni mwa Septemba volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Watu walilala nje.

Tetemeko halikati skrubu nzuri. Linanyanyua. Kinyago kinaruka milimita chache, kinatoka kwenye kulabu iliyo wazi, kinaanguka. Kwa hiyo tumia kulabu zinazofunga, au kwenye mbao za kuumana weka skrubu moja ndogo ya kuzuia kwa chini ili mchongo usiweze kunyanyuka. Kwa kilo 10 na zaidi tunaongeza waya wa chuma uliolegea kidogo, umefungwa kwenye plagi yake ya peke yake. Haubebi kitu siku za kawaida.

Bandika pia vidude vya mpira kwenye pembe za chini nyuma. Vinazuia kinyago kuchakaza rangi kila lori linapopita.

Kinyago kimepasuka chenyewe baada ya miezi miwili. Ni mlivyofunga?

Mara nyingi sivyo. Vingi vimechongwa pwani, Mwenge au Mtwara, kwenye hewa yenye unyevunyevu. Vikiletwa huku juu mti unaendelea kukauka na kusinyaa, na ufa unatokea mwishoni mwa nyuzi. Kiache kwanza ndani ya nyumba wiki kadhaa, mbali na dirisha la jua na mbali na mahali pa kuwashia moto wakati wa baridi ya Juni na Julai, kabla hatujatoboa chochote. Ufa mwembamba si ugonjwa. Ufa unaopita kwenye skrubu ni ugonjwa: kishushe leo.

Kitundikwe urefu gani?

Katikati ya kinyago iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya sofa, acha kiganja na nusu juu ya mgongo wa sofa. Juu ya kitanda, hapana, wala juu ya kitanda cha mtoto. Tumeshabishana na wateja kuhusu hili na tutaendelea kubishana.

Barakoa za mapiko zinahitaji yote haya?

Hazihitaji. Mapiko ya Kimakonde hutengenezwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji anayavaa kichwani. Shida yao ni wembamba. Usiyaning'inize kwa sikio wala kwa nywele. Tengeneza kigingi kilichofunikwa kitambaa kinachoingia ndani na kubeba ukingo wa juu.

Na sanamu za mawe?

Jiwe la sabuni la Kisii ni zito zaidi ya mara mbili ya mpingo kwa ujazo uleule, na linachubuka kwa ukucha. Kama si bapa na dogo, liwekee rafu yenye vishikizo vya chuma. Usilitoboe.

Nina mti wa ujamaa wa mita moja. Unaweza kukaa ukutani?

Gogo la mpingo la mita moja lenye kipenyo cha sentimita 20 linakaribia kilo 38 hadi 40 kabla ya kuchongwa. Ukuta wa tofali lililojaa unaweza kuubeba, na tumewahi kuufunga mmoja kwa boliti nne na kiti cha chuma chini. Lakini zile familia zinazopandana zimechongwa pande zote. Ukiuegemeza ukutani unawafunika nusu ya watu.

Mzee mmoja wa Shanty Town, Moshi, alituita mara mbili kwa ajili ya mti kama huo. Mara ya kwanza tulipima. Mara ya pili tulikuja na drili, tukakuta ameusimamisha mwenyewe kwenye kona karibu na mlango, kwenye kiti kizito cha mninga alichoagiza kwa seremala, umefungwa ukutani kwa mkanda mwembamba wa ngozi na skrubu moja. Alitupa chai, akalipa nauli. Kofia yake ilikuwa imening'inia kwenye kiwiko cha bibi wa tatu kutoka chini.